Mji wa vioo uliochora mpaka wa Mpondwe

Tarehe 14 Mei 1910, wajumbe wa Uingereza na Ubelgiji walitia saini mjini Brussels makubaliano yaliyoigawa Milima ya Rwenzori. Kutoka kilele cha Margherita, mpaka ulishuka kusini, ukaufuata Mto Lubiriha hadi unapoingia Ziwa Edward. Hapakuwa na Mkonzo wala Mnande katika kikao hicho. Watu waliozoea kuvuka mto kwenda kuoa, kuzika na kununua chumvi ya Katwe wakawa wamegawanywa: wa ng'ambo hii wakahesabiwa kuwa wa Mwingereza, wa ng'ambo ile wa Mbelgiji. Leo ng'ambo hii, Uganda, kuna Mpondwe, jirani na Bwera, ng'ambo ile, Congo, kuna Kasindi, na katikati kuna daraja, forodha, na foleni ya malori yanayoelekea Beni na Butembo.

Siku wino huo ulipokuwa ukikauka, mimea ya misitu ya Congo ilikuwa imekwisha kuishi Brussels miaka mingi, imefungiwa ndani ya kuta za vioo na kupashwa moto kwa makaa ya mawe. Historia ya bustani za kioo za Ulaya huandikwa kama habari za wafalme, wasanifu majengo na maua ya ajabu. Mimi naisoma kama historia ya mashamba ya Bwera, Bundibugyo na Beni. Kakao na vanila vinavyosomesha watoto chini ya Rwenzori, na kahawa inayojaza magunia ya Uganda, vyote vina historia iliyopitia chini ya vioo hivyo, au iliyopata humo mbinu ya kuzaa.

Bustani ya Brussels ilianzishwa na watu wenye uwezo wa mji huo walioungana mwaka 1826, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1829 kwenye mtaa wa Rue Royale, katikati kabisa ya mji. Lilikuwa na kuba katikati na mabawa marefu ya vioo huku na huku, na mbele yake bustani iliyoshuka kwa ngazi. Mwaka 1870 serikali ya Ubelgiji iliinunua. Kwa mtu wa Brussels aliyezoea miezi ya baridi na mvua ya rasharasha, kuingia humo kulikuwa safari ya kwenda nchi za joto bila kupanda meli. Na humo, pamoja na vyumba vya mimea mikavu vilivyokuwa pembeni, ndimo wataalamu walimopokea matawi, mbegu na maua yaliyotumwa kutoka Congo, wakayapa majina ya Kilatini na kuyaandika vitabuni.

Mfalme Leopold wa Pili alikuwa na vioo vyake mwenyewe huko Laeken, pembezoni mwa mji. Msanifu wake Alphonse Balat alianza ujenzi mwaka 1874, na kazi ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20: kuba moja kubwa, kisha jingine, kisha njia ndefu za vioo za kuyaunganisha, na nyumba moja ikapewa jina la Congo. Ni kweli kwamba alianza kabla hajajitwalia Congo mwaka 1885. Lakini fedha za mpira na pembe za ndovu ndizo zilizompa jeuri ya kupanua kasri na majumba yake kadiri alivyotaka, na mpira huo ulikusanywa kwa mateka, viboko na mikono iliyokatwa. Leopold hakukanyaga Congo hata siku moja. Alifariki tarehe 17 Desemba 1909 katika jumba dogo lililo ndani ya bustani hizo hizo za Laeken, miezi 5 tu kabla ya mpaka wa Lubiriha kutiwa saini. Kila majira ya machipuko bustani hufunguliwa kwa majuma machache, na watu hupanga foleni kuzitazama. Ni nzuri kweli, na kila anayezisifu anapaswa pia kujua jasho lililozipanua lilitoka wapi.

Uzuri wa nyumba ya kioo kwa mkulima si kuba lake bali kazi yake. Mwanga wa jua hupenya kioo na kupasha joto udongo na majani. Kisha kioo huzuia ile hewa yenye joto isitoroke. Maji yanayopanda kutoka kwenye majani hugonga kioo baridi, yakageuka matone, yakadondoka tena. Wakati wa baridi kali Wazungu waliongeza makaa ya mawe: tanuru chini, mabomba ya maji ya moto au mvuke chini ya sakafu, na vijana wa kuchochea moto usiku kucha. Kioo kiliwaka fedha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza makaa yalipokuwa adimu, mimea ya nyumba kubwa ya Chatsworth huko Uingereza, iliyojengwa na Joseph Paxton, ilikufa kwa baridi, na mwaka 1920 nyumba yenyewe ikabomolewa.

Kuna mambo mawili yaliyotokea chini ya kioo ambayo, bila hayo, Bwera isingekuwa hii tunayoijua. La kwanza ni la vanila.

Vanila asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Wazungu waliipeleka kwao, wakaipanda ndani ya vioo, ikatambaa na hata kutoa maua, lakini haikuzaa. Kwao Mexico wako nyuki wa huko wanaolijua ua hilo, Ulaya hawakuwapo. Mwaka 1836, katika bustani ya mimea ya mji wa Liège, Ubelgiji, profesa Charles Morren alichunguza ua lenyewe na kuona kizuizi: ndani yake kuna kiwambo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Akachavusha kwa mkono. Maganda yakashika na kuiva, katika nyumba ya kioo, katika nchi ambayo mwezi wa Januari maji huganda kuwa barafu.

Ila njia ya Morren haikuwa ya shambani. Aliyeileta shambani alikuwa mtoto wa miaka 12, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond, aliyekuja kupewa jina la pili Albius baada ya watumwa kuachwa huru mwaka 1848. Mwaka 1841 alimwonyesha bwana wake jinsi ya kuinua kile kiwambo kwa kijiti chembamba na kuibana chavua kwa kidole gumba, kazi ya sekunde chache. Njia hiyo ilisambaa Réunion, ikaenda Madagascar na Komoro, ikazaa utajiri wa watu wengi. Edmond mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Hakuna mashine iliyompiku mpaka leo.

Fika kwenye shamba la vanila upande wa Bwera wakati wa maua uone. Kabla jua halijawa kali, mama au kijana anapita kati ya miti ya mbono kaburi iliyobeba mimea ya vanila, mkononi ana kijiti kilichochongwa, wengine mwiba au kijiti cha meno. Ua la vanila ni la rangi ya kijani iliyopauka, hufunguka asubuhi, na kufika mchana limeanza kunyauka. Lisiposhughulikiwa siku hiyo limepotea. Mkono wa kushoto unashika ua kutoka nyuma, wa kulia unachana mdomo wake, kijiti kinanyanyua kiwambo, kidole gumba kinabana, basi. Anahamia ua jingine. Mtu aliyezoea hutembelea mamia ya maua asubuhi moja. Ua lililoshika halidondoki. Linabaki limening'inia, na nyuma yake ganda linarefuka. Baada ya hapo ni kungoja miezi 8 au 9, na wengi hungojea kwa kulala shambani, kwa sababu wezi wa vanila hawangoji liive.

Wizi huo ndio uliofanya Serikali ya Uganda ianze kutangaza tarehe rasmi ya kuvuna, ili asiyekuwa na shamba asije sokoni na maganda mabichi mapema. Na bei yenyewe imewachezea wakulima sana. Kimbunga kilichoipiga Madagascar mwaka 2000 kilisababisha upungufu duniani, na kufikia 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 400. Watu wakang'oa mazao mengine na kupanda vanila. Miaka 2 baadaye bei ilikuwa imeporomoka vibaya, na waliokopa wakabaki na deni na mimea.

Jambo la pili ni sanduku. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, mwaka 1829 aliweka pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi na kuifunga. Lakini habari haikuwa nondo. Ndani ya chupa iliota jani la kangaga, likaendelea kuishi bila kumwagiliwa, kwa maji yale yale yaliyopanda na kushuka. Ward akatengeneza masanduku ya mbao na vioo, na mwaka 1833 akatuma mawili Sydney kwa meli. Mimea ikafika hai baada ya miezi ya safari, mbali na chumvi ya bahari na upepo. Kabla ya hapo miche mingi iliyosafirishwa ilikufa njiani. Tangu hapo, bustani za kioo za Ulaya zikawa bandari: mmea unatoka bara moja, unapumzishwa na kuzalishwa chini ya kioo, kisha miche yake inatumwa bara jingine ndani ya sanduku la Ward.

Kakao ndiyo iliyohitaji sanduku hilo kuliko mazao mengi, kwa sababu mbegu yake ikikauka imekufa. Huwezi kuitia mfukoni ukaenda nayo miezi mitatu. Mwaka 1901 kakao iliingia Uganda ikitoka Kew, bustani kubwa ya kifalme ya Uingereza karibu na London, na kupokelewa katika bustani ya Entebbe. Ndiyo mwaka ambao reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria.

Bustani ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 na Alexander Whyte, mtu aliyekwisha kufanya kazi ya namna hiyo Zomba, Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi. Huko ndiko ilikotoka kahawa ya arabika iliyoletwa Uganda mnamo 1900. Aliyemfuata baadaye, M. T. Dawe, alisafiri magharibi mwaka 1905 kupitia misitu ya Buddu hadi Rwenzori akikusanya mimea, na ripoti yake ikachapishwa mwaka uliofuata.

Lakini bustani ya Entebbe yenyewe, hekta kama 40 zinazoteremka hadi ufukweni mwa ziwa, haikuhitaji paa. Joto lililogharimu Kew na Brussels makaa ya mawe, Entebbe ililipata bure kila alfajiri. Unyevu ulitoka ziwani. Mti uliokuwa ukikunja shingo chini ya kuba Ulaya, Entebbe uliachiwa anga. Miti mikubwa bado ipo, na bustani sasa iko chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO. Wengi wanaoingia huko Jumapili kupiga picha za harusi hawaambiwi kwamba wanatembea katika mlango ambao mazao ya nusu ya nchi yalipitia. Ningetaka waambiwe, kwa kibao cha Kiswahili na cha Kiganda, pale getini.

Sasa turudi Brussels, kwa ajili ya robusta. Mwaka 1895 Émile Laurent, profesa wa kilimo kutoka Gembloux, alikuta Congo kahawa yenye nguvu ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuwa bado wameipa jina. Mimea ilifika Brussels, ambapo Émile De Wildeman wa bustani ya mimea aliipa jina la kitaalamu, na mfanyabiashara wa maua Lucien Linden akaizalisha katika vioo vya kampuni yake na kuitangaza sokoni kwa jina alilolichagua yeye: robusta. Mwanzoni mwa karne ya 20 miche ikatoka Brussels kwenda Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imekwisha kuteketeza arabika, kama ilivyoteketeza ya Ceylon tangu 1869. Robusta ilistahimili. Kutoka Java ikaenea duniani, na nyingine ikarudi Afrika kama mgeni.

Hapa ndipo historia ya vioo inaposahau watu. Wakati Linden anaandika katalogi yake, Waganda walikuwa wamepanda kahawa hiyo vizazi kwa vizazi, wakitafuna buni mbili za tunda moja katika kuapiana undugu wa damu. Wahaya wa Bukoba walikuwa wakiichemsha kwa majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kumpa mgeni anapoketi. Robusta ya mwituni ipo mpaka leo katika msitu wa Kibale, upande wa Fort Portal. Kilichokuwa kipya kwa Brussels kilikuwa cha zamani Masaka.

Milima ya Rwenzori yenyewe haikukubali kufungiwa. Mjerumani Franz Stuhlmann aliipanda mwaka 1891 kutoka bonde la Butahu, upande ambao leo ni Congo, hadi mita kama 4,000, na akaona kule juu mimea ya ajabu: lobelia zinazozidi urefu wa mtu, na miti ya jamii ya senecio yenye vichwa vya majani kama kabeji juu ya shina nene. Stuhlmann huyo huyo mwaka 1902 ndiye aliyeanzisha kituo cha Amani, katika Milima ya Usambara, Tanganyika, bustani kubwa ya majaribio kuliko zote za Wajerumani Afrika. Usambara ilikuwa na zawadi yake kwa vioo: ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani, likaandikwa mwaka 1893 kutoka bustani ya Hannover. Leo limejaa madirishani kote Ulaya na Marekani, wakati kwao Tanzania na Kenya baadhi ya aina zake zimebaki kwenye miamba michache yenye kivuli.

Lobelia ya Rwenzori haifanani na ua hilo. Inaishi mahali ambapo mchana jua ni kali na usiku maji huganda, kila siku ya mwaka, na mchana ni wa saa 12 daima. Majani yake hujikunja jioni kufunika kichipukizi. Nyumba ya kioo iliyojengwa kuhifadhi joto haina la kuupa mmea unaohitaji usiku wa barafu na mchana wa ikweta kwa pamoja. Kwa hiyo wataalamu walichukua majani makavu na mbegu, wakaacha mlima na mimea yake. Majina ndiyo waliyobeba: Lobelia stuhlmannii, Lobelia wollastonii ya Wollaston, daktari wa msafara mmoja wa 1906, Lobelia bequaertii ya Mbelgiji Joseph Bequaert aliyekusanya Rwenzori mwaka 1914. Wakonzo waliobeba mizigo ya misafara hiyo, waliojua pango la kulala na kivuko cha mto, waliopanda na Mwitalia Duke wa Abruzzi mwaka 1906 wakati wapagazi wa nchi za chini walipolemewa na baridi, hawamo katika jina la mmea hata mmoja ninaoujua.

Baada ya uhuru, kioo kilirudi kwetu kwa sura ya bei nafuu. Mwaka 1993 huko Bundibugyo, ng'ambo ya mlima kutoka Bwera, wakulima waliona mibuni ya robusta inanyauka tawi kwa tawi na kufa imesimama. Ulikuwa mnyauko wa kahawa, ugonjwa wa kuvu uliokwisha kutesa Congo. Katika miaka 10 iliyofuata ulienea nchini, na Uganda ikapoteza karibu nusu ya mibuni yake ya robusta. Huko Bundibugyo wengi walifyeka iliyokufa wakapanda kakao, ile ya Entebbe ya 1901, na ndiyo sababu wilaya hiyo leo ndiyo jina la kakao nchini. Watafiti wa Kituza, wilaya ya Mukono, walichagua mibuni iliyogoma kufa, wakaizalisha na kuipa namba, KR1 na kuendelea.

Mbuni wa namna hiyo hauzalishwi kwa mbegu, maana mtoto hatafanana na mama. Unakatwa kipande cha tawi, kinachomekwa kwenye kiriba cha udongo, na viriba vinapangwa chini ya kizimba cha mbao kilichofunikwa karatasi ya nailoni nyeupe, pembe zake zimefukiwa ardhini hewa isipite. Juu yake paa la majani au neti hupunguza jua. Ukiinama asubuhi unaona ndani ya nailoni matone yamejipanga, moja linakua, linateleza, linadondoka juu ya jani, na mwenye kitalu hafungui ovyo, kwa sababu akifungua unyevu unaondoka na vipande vinakauka kabla ya kutoa mizizi. Ni sanduku la Ward, bila kioo na bila Kew. Vijana wanaoviendesha vitalu hivi kwenye vijiji vya Kasese wanaijua kanuni hiyo kwa vidole, na wanauza mche mmoja mmoja kwa jirani anayekuja na baiskeli.

Ng'ambo ya Lubiriha, kakao ya Beni inazaa vizuri, ila mkulima wake huvuna kwa hofu. Waasi wa ADF wameua watu wengi mashambani, na wakati wa mavuno ndio watu wanapolazimika kuwa huko. Gunia linalovuka Mpondwe, kwa njia halali au kwa njia za panya, linaweza kuwa limegharimu roho ya mtu. Mnunuzi wa upande huu analipima kwa kilo.

Jengo la Rue Royale bado lipo. Mimea ilihamishiwa Meise, nje ya mji, ambako serikali ya Ubelgiji ilipata eneo kubwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na tangu 1984 kuba la zamani ni jumba la muziki na sanaa. Meise ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote duniani ya mimea mikavu ya Afrika ya Kati, na zaidi ya karatasi milioni moja za hazina yake zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, zikiwamo za Rwenzori na za mbuga ya Albert iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga na inapakana na Kasindi. Mwanafunzi wa sekondari ya Bwera mwenye simu na bando anaweza kufungua karatasi ya mmea uliochumwa juu ya kijiji cha babu yake zaidi ya miaka 100 iliyopita, akasoma jina la aliyeuchuma, mwinuko wa mahali na tarehe. Jina la Mkonzo aliyemwonyesha njia anaweza kulitafuta kwa wazee, kwa sababu baadhi ya familia bado zinakumbuka nani alimbebea Mzungu mzigo, na hiyo ni kazi ya kuifanya sasa, wakati wanaokumbuka wangali hai.